Skrubu Niliyoigeuza

Mwanza, Jumamosi mchana

Veneranda mwanangu,

Umekwenda Kisesa kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu hatakuachia mpaka ule mara mbili, kwa hiyo nina saa kama nne za kuandika. Basi lako ni kesho saa tisa mchana. Begi limekaa mlangoni tangu jana na kila nikipita najikwaa nalo, maana nyumba hii haina pa kuweka kitu kisikanyagwe. Unaijua mwenyewe: jiwe nyuma, jiwe kushoto, mbele ngazi za kushukia barabarani. Tulipokuja kujenga, jirani alituonya kwamba hapa mtu haongezi chumba. Nikamjibu kwamba chumba na sebule vinanitosha, kwa kuwa nitakaa miaka miwili tu. Hiyo miaka miwili imeshafika ishirini na mitano.

Mambo ya kula vizuri, kwenda misa, kuangalia simu yako stendi na kumheshimu mjomba wako huko Mbeya, shangazi atakuwa ameyamaliza yote leo, tena kwa sauti. Mimi nimekaa kukuandikia habari ya kamera. Najua utasema, "Baba naye! Mimi naenda kutoa fotokopi dukani kwa mjomba, kamera ya nini?" Ndiyo maana naandika. Umeiacha kabatini makusudi, umeivingirishia kitambaa vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Nimeitoa, iko hapa mezani. Nataka uondoke nayo. Lakini kabla hujaigusa, kuna jambo nililokutendea kwa kamera hii ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nitalifikia. Nimejaribu kuanza nalo na nimeshachana karatasi mbili.

Kamera hii ya Kirusi niliipata kwa Mzee Magesa, mwenye studio niliyemfanyia kazi nilipovuka kutoka Nansio nikiwa na miaka kumi na tisa. Si kamera ya kuchungulia kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha chake cha pembeni, na katikati ya kidirisha kuna kiduara cha manjano ambamo mtu mmoja huonekana mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja, ndipo unabonyeza. Haya unayajua tangu una miaka minane, lakini niache niyaeleze, kwa sababu makosa yangu yote yametokea hapo.

Kwa kuwa huchungulii kupitia lenzi, kamera haikwambii kama lenzi imefunikwa. Kidirishani unaona dunia yote inang'aa. Mwaka wangu wa pili kwa Mzee Magesa nilitumwa kupiga kipaimara kwenye parokia moja huko huko kwetu Ukerewe. Askofu amefika, watoto wamevaa nyeupe, wazazi wamejinyima ili kila mtoto apate picha akiwekewa mkono kichwani. Nikapiga filamu nzima. Nilipiga magoti, nilipanda benchi, nilimwomba hata katekista asogee. Niko kwenye feri narudi Mwanza ndipo nikaona kifuniko cha lenzi kiko mahali pake, kimetulia zake. Vene, nilitamani maji yanichukue.

Mzee Magesa hakunigombeza. Alisema tu, "Kawaambie firamu imeungua Dar, kwenye mashine. Firamu zinaunguaga." Nikarudi nikawaambia hivyo, nyumba moja baada ya nyingine, na wote wakanipa pole. Mama mmoja alinifungia na viazi vya kurudi navyo. Pole zao ndizo zilizoniharibu. Niligundua kwamba mpiga picha akikosea anaweza kusingizia filamu, anaweza kusingizia dawa, anaweza kusingizia macho ya mtu, na ataaminiwa, kwa kuwa watu hawajui kilichomo ndani ya lile kasha.

Kifuniko nilikitupa siku ile kwa hasira, na hilo nalo lilikuwa kosa. Pazia la ndani la kamera hii ni la kitambaa. Ukiiacha mezani lenzi ikitazama jua, bila kifuniko, jua hukusanyika pale na kutoboa kitambaa tundu dogo kama la sindano, na kila picha itatoka na doa jeupe. Lilinipata, na nikalipa kwa kukaa wiki mbili nikiziba tundu kwa rangi nyeusi na unywele wa brashi. Kifuniko kilichopo sasa nimekifunga uzi mwekundu kwenye mkanda wa kamera. Ukiona hakining'inii, ujue kimeziba.

Mzee Magesa alinifundisha mengi. Alinifundisha kuvuta filamu kwanza ndipo niguse gurudumu la kuchagua mwendo wa pazia, kwa sababu ukiligeuza kabla ya kuvuta, kitu cha ndani hukatika, nawe utabaki na chuma cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Alinifundisha nisiilaze kamera ikiwa imevutwa, kwa kuwa springi iliyokazwa siku nyingi huchoka. Alinifundisha kufuta lenzi kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikalainika, si kwa pindo la shati lenye jasho na vumbi. Ila kitu kimoja hakunifundisha. Ukitoa lenzi, ndani ya mdomo wa kamera kuna kimkono kidogo cha chuma kinachoiegemea. Hicho ndicho kinachopeleka habari ya umbali kwenye kiduara cha manjano. Kikisogea, kiduara kinadanganya: unaona watu wawili wamekuwa mmoja, unabonyeza, na picha ikisafishwa unakuta uso umefifia na ukuta wa nyuma ndio umekaa vizuri. Kukirekebisha kimkono hicho ndiyo hatua ya mwisho ya ufundi huu, na Mzee Magesa kila alipoifikia aligeukia ukuta, akanipa mgongo.

Mafundi wa enzi zile walikuwa hivyo, wa saa, wa redio, wa cherehani, wote. Watakupa kazi yote, hatua ya mwisho wanabaki nayo, maana ukishaipata utafungua kibanda chako ng'ambo ya barabara. Nilimsubiri miaka tisa. Katikati ya miaka hiyo, jamaa yangu mmoja alinitafutia nafasi kwenye gazeti Dar, akaniambia njoo hata kesho. Nikamwambia anisubiri nimalize ufundi, nije nikiwa fundi kamili. Alisubiri, akachoka, akampa mwingine. Kila mwaka nilijiambia kwamba mwaka huu mzee atageuka.

Mwishowe nikaiba. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya harusi yenye kioo. Nikawa naisogeza kidogo kidogo, kila siku nikifagia, mpaka kioo chake kikanionyesha mikono ya mzee. Nikaona anachofanya. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Miaka tisa, mwanangu, kwa kazi ya dakika kumi! Kufikia hapo nilikuwa nimeoa, wewe uko njiani, na Mzee ameanza kuumwa kifua. Alipofariki aliniachia studio na kamera, watu wakanipongeza kwa bahati. Nikaingia kwenye kile chumba cha giza kisicho na dirisha, na ndimo nilimo hadi leo, napiga pasipoti saizi za watu wanaokwenda kwingine.

Nalalamika, ndiyo. Nani mwingine nimlalamikie? Mama yako nilipokuwa namlalamikia alikuwa hanisikilizi hata dakika moja. Alikuwa akisonga ugali ananiambia, "Kwani nani kakufunga? Mlango si huo hapo?" Nilikuwa nakasirika, natoka hadi kwenye ngazi, natazama ziwa, kisha narudi ndani kwa kuwa ugali umeiva. Hakujua kwamba nilikuwa naogopa kwenda mahali ambapo mtu angeniuliza ninajua nini.

Alipofariki, wewe ukiwa kidato cha nne, niliivisha kamera mfuko wake wa ngozi, nikafunga vifungo vyote, nikaiweka kabatini chini ya khanga zake pamoja na naftalini, nikageuza ufunguo. Nilidhani naiheshimu. Sikutaka kupiga picha ya mtu yeyote tena zaidi ya zile za kazi. Sasa ngozi kwenye hewa hii ya ziwa hunyonya unyevu na kuushikilia. Baada ya mwaka ukanijia, "Baba, naomba ile kamera. Inaharibikia humo ndani." Tulipoufungua mfuko, lenzi ilikuwa imeota kuvu, nyuzi nyeupe nyembamba zimetanda juu ya kioo. Ulilia kuliko ulivyolia msibani, mbele ya watu. Tukaianika kwenye dirisha, nikaifungua lenzi kipande kwa kipande, tukafuta, tukasubiri, tukafuta tena. Alama moja ilibaki ukingoni na haitatoka, ila haionekani kwenye picha.

Kwa hiyo usiirudishe kwenye ngozi. Mbeya kuna mvua na ukungu wake. Iweke kwenye rafu, penye mwanga na hewa, na uitumie. Hata siku ambazo huna filamu, ivute uibonyeze mara kumi, usikilize. Utakuja kujua mlio wake ukiwa mzima, na siku ukichelewa kidogo utaujua pia. Usiitie mafuta. Niliwahi kuitia ya cherehani, nikadhani nimeipa dawa, na pazia likashikana kama mlango uliopakwa rangi mbichi.

Mwaka ule tulioifufua ndio mwaka uliojifunza kupiga, na kufikia mwaka uliofuata ulikuwa umenipita. Nakwambia bila kukupamba, mimi si mtu wa kusifia. Mimi nawapanga watu, nawaambia kaeni hivi, inueni kidevu. Wewe ulikuwa unasubiri. Ulikaa nao mpaka wakakusahau, halafu kabla jambo halijatokea kidole chako kilikuwa kimeshabonyeza. Nilikuwa nikisafisha filamu zako peke yangu kule gizani, naona wivu na furaha kwa pamoja, na wivu ulikuwa mwingi.

Sasa nimefika.

Miaka miwili iliyopita ulisikia habari ya yale mafunzo ya mwaka mmoja ya upigaji picha Dar, kwa vijana wasiozidi miaka ishirini na miwili. Walitaka picha ishirini za filamu. Ulikuwa na ishirini na miwili kamili, kwa hiyo ilikuwa mwaka ule au basi. Ukaamua kuwapiga akina mama wanaoanika dagaa Igombe. Tukaagiza filamu, zikaja kwa basi. Ulikuwa unaimba ukiosha vyombo. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya kwenda Igombe uliniletea kamera, ukasema, "Baba, nisafishie, wewe una mkono mwepesi."

Nikaitoa lenzi, nikaifuta. Kimkono kikawa mbele yangu, na bisibisi ndogo iko mezani. Nikakigeuza. Kidogo tu, hata unene wa ukucha haufiki. Kisha nikageuza na skrubu ya kulinganishia vitu vya mbali, ili mnara wa simu wa kilima cha ng'ambo uendelee kukutana sawasawa kwenye kiduara, kwa kuwa nilijua utapima kwa mnara kama nilivyokufundisha. Mbali kukawa sawa, karibu kukawa uongo. Usije ukafikiri kwamba mkono uliteleza. Nilitumia zile dakika kumi nilizoziiba, zote, na nilizitumia vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu.

Sikuwa na kinyongo nawe. Niliogopa. Nilijiona nimekaa peke yangu katikati ya haya mawe, redio inaongea, nangoja mteja wa pasipoti. Nilijiambia ni mwaka huu tu, atatulia, atasahau. Sababu ndiyo hiyo. Nimeitafutia sababu nzuri zaidi kwa miaka miwili na sijaipata.

Ulipiga filamu tatu. Tulizisafisha pamoja, tukazichapa, zikajitokeza kwenye beseni la dawa chini ya ile taa nyekundu. Dagaa waliokuwa nyuma ya akina mama walionekana mmoja mmoja hadi macho. Nyuso za akina mama zilikuwa zimefifia. Ukaiinua moja karibu na taa.

"Baba, hii kamera nzima kweli?"

"Nzima. Umepima mnara?"

"Nimepima. Uko sawa."

"Basi."

"Basi ni mimi," ukasema.

Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, mikono yetu yote ina dawa. Sentensi moja tu ilihitajika. Nikasema tuongeze maji. Ukarudi Igombe mara ya pili, filamu nyingine mbili, mambo yakawa yale yale. Siku ya mwisho ya kutuma ikafika, ukatuma ulichokuwa nacho. Walikujibu kwa adabu kwamba mpigaji ana jicho la mpangilio lakini hajamudu kulenga. Uliisoma barua pepe ile kwa sauti, ukacheka kidogo, ukaingia ndani. Mimi nilikuwa nje nafunga kamba ya viatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Wiki iliyofuata ukaenda mjini kwa muuza miwani. Hao hawakosi kukukuta na ugonjwa. Ulirudi na miwani, na nilipokuona mlangoni aibu ilinishika. Usiku ule nilikirudisha kimkono mahali pake. Nilidhani nasafisha kosa, kumbe ndipo nililipigilia misumari. Maana kesho yake ulivaa miwani ukawapiga watoto wa jirani, na picha zikatoka kali, hadi kope. Ulikuja mbio na mkanda wa filamu bado una maji, unacheka na machozi yanatoka. "Baba! Kumbe nilikuwa sioni! Muda wote ule nilikuwa sioni!"

Nikakwambia, "Pole, mama."

Nilikupa pole, Vene. Nimewahi kufanya mengi ya kijinga, lakini hilo ndilo ninaloamka nalo.

Tangu hapo hujajiamini tena. Studio mteja akikaa kwenye kiti unaniita, "Baba, njoo uangalie wewe, mimi macho yangu siyaamini." Nakuja, nachungulia, nakuta umeshalenga sawasawa kabisa, nami nazungusha lenzi kidogo na kuirudisha ili ionekane nimefanya kitu. Miaka miwili tumefanya mchezo huo. Ulipompigia mjomba kumwomba kazi ya fotokopi nilikuwa nakusikia kupitia ukuta. Ulimwambia huku Mwanza huna kinachokushika. Nilikuzuia ili ubaki, na kule kukuzuia ndiko kunakokuondoa, tena kukupeleka mahali ambapo hukuwahi kupataka. Ungeenda Dar ungekuwa umerudi mwaka jana, pengine ungekuwa umekaa hapa unanicheka.

Macho yako hayakuwa na tatizo. Zile picha za Igombe ulizilenga barabara, moja baada ya nyingine. Kiduara ndicho kilichokudanganya, na aliyekitia uongo ni mimi. Kama kweli unahitaji miwani au huhitaji, nenda kwa daktari wa macho hospitali, usimsikilize muuza miwani wala usinisikilize mimi. Lakini kuhusu picha, mimi ni fundi, na nazijua. Filamu zile tano za Igombe ninazo zote. Nimezificha kwenye chumba cha giza, ndani ya kopo la dawa ya karatasi, kule juu, nyuma ya mashine ya kukuzia picha. Ni zako.

Sasa chukua hatua ya mwisho. Toa mfuniko wa nyuma, ubandike kipande cha karatasi ya kunakilia ramani pale filamu inapokaa, kikiwa kimenyooka. Vuta, kisha weka gurudumu kwenye alama ya kuliacha pazia wazi, bonyeza ushikilie. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho. Simamisha gazeti mita moja kamili, na upime kuanzia pale karatasi ilipo, usianzie kwenye lenzi; mimi nilikosea hapo mwezi mzima. Zungusha lenzi mpaka maandishi yawe makali kwenye karatasi. Yatakuwa kichwa chini, usishtuke. Usiguse tena lenzi. Chungulia kidirishani: maandishi mawili yamekuwa moja? Kama hayajawa, toa lenzi, kigeuze kimkono kidogo mno, rudisha, pima upya. Karibu kukikaa sawa, pima mnara. Mbali utakuta kumesogea, ukurekebishe kwa skrubu iliyo chini ya kile kifuniko kidogo kando ya kidirisha. Kisha rudi karibu, maana nako kutakuwa kumesogea. Vyote viwili vinavutana, utakwenda na kurudi mara tatu, mara nne, na utachukia. Halafu vitakubaliana. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili, na bisibisi nimeiweka pamoja na kamera.

Hakuna kingine nyuma ya hapo. Ukishajua hicho, unajua kila nijuacho mimi, na mtu akikwambia kamera ni nzima, hata akiwa baba yako, utapima mwenyewe. Leo asubuhi ulipoondoka nimeipima mara mbili. Iko sawa. Usiniamini.

Nilipanga kuichomeka barua hii kwenye begi, katikati ya nguo, uikute ukishafika Mbeya. Ulikuwa mpango mzuri sana kwangu. Ungelia mbali, ungenichukia mbali, na simu ningeiacha iite. Nimeliangalia begi pale mlangoni tangu nianze kuandika, na nimeona kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimekugeuzia skrubu kwa mara nyingine.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, kesho, tukishakunywa chai. Kuna saa nyingi kabla ya basi. Sitakwenda misa ya kwanza, sitasema nina mteja, na simu nitaizima. Ukitaka kunisema, niambie yote, usinionee haya kwa kuwa unaniamkia shikamoo. Ukitaka kuondoka bila neno, nitakubebea begi hadi chini barabarani kisha nirudi zangu. Kama wale wa Dar wana njia nyingine kwa aliyepita umri, nitawaandikia mimi mwenyewe niwaeleze nilichofanya, kwa jina langu, ukiniruhusu. Kamera ukiichukua ni yako, na ukiiacha sawa, ila usiiache kwa ajili ya macho yako.

Wakati unasoma nitakuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Sitakukatiza na sitainuka. Ukifika kwenye mstari huu, inua uso unitazame, mwanangu. Unaona vizuri.

Baba